Chatu wa Mchana

Jumanne, tarehe tisa Aprili. Mvua ilianza kabla hakujapambazuka ikaendelea bila upepo wala radi, ile mvua ya kuchosha, na kufikia saa nne asubuhi mtaro wa nyuma ya nyumba ulikuwa umefurika ukaingiza maji jikoni. Jana tulimzika Tekla. Kaburi lilikuwa na maji chini, vijana wakawa wanayachota kwa ndoo huku katekista akisubiri na kitabu chake chini ya koti, na mwisho wakaacha kuchota kwa sababu yalikuwa yanarudi. Naandika nikiwa nimekaa juu ya kitanda maana sakafu imelowa. Mimi niliishia darasa la saba, na siku zangu huwa naziandika bila kujua zitamfaa nani. Leo nataka kuandika mwaka mzima, sio siku, na sina hakika kama nitauweza.

Kilichonisukuma ni maneno ya Anjela, mtoto wa kwanza wa Tekla. Baada ya kutoka makaburini wanawake tulikaa kwenye chumba cha marehemu, kitanda chake kimetolewa nje na ukutani kumebaki alama ya ubao wa kichwani. Tulikuwa tunakula ubwabwa na maharage. Mmoja wa mawifi akawa anamsifu Tekla, jinsi alivyokuwa mtu wa kazi, shamba lake halijawahi kuota nyasi, na Anjela akaitikia kwamba ni kweli. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja rangi ya nguo, kwamba mama yao hakujua hadithi hata moja. Watoto wa jirani walikuwa wanasimuliwa na mama zao, wao walikuwa wanaambiwa walale. Akasimulia alivyochapwa kwa mwiko siku moja, akiwa msichana, kwa kuwasomea wadogo zake hadithi ya mapenzi mchana kweupe. Wanawake wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mimi sikucheka. Bakuli likanipolea mkononi, kwa sababu bonde hili lote, kuanzia Mang'ula mpaka Mlimba, kama kuna mtu aliyejua hadithi kuliko Tekla basi mimi sikukutana naye. Inawezekana sikutembea sana. Lakini ndivyo ninavyoamini.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimepelekwa kulinda ndege ng'ambo ya mto na Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, mwanamke mnene mwenye miguu mibovu ambaye alipanda ngazi ya dungu mara moja asubuhi na kushuka mara moja jioni, na katikati hapo hakuna aliyeweza kumshusha. Daraja lilikuwa halijajengwa, tulivuka kwa pantoni na kisha tukatembea kwenye matope mpaka shambani. Dungu letu lilisimama juu ya nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, na chini yake kuna moto wa kuni mbichi wa kufukuza mbu. Ndani mlikuwa na mkeka mmoja, chandarua tulichokishona kwa uzi mweusi mpaka kikafanana na ramani, na chupa ya chumvi iliyoning'inizwa juu kwa kuogopa sisimizi. Mchana kutwa tulikuwa tunavuta kamba iliyofungwa makopo. Kweleakwelea wakija, wanakuja kama moshi, na usipopiga kelele wakati ule ule utavuna mabua. Dungu la jirani lilikuwa la Tekla na mama yake. La tatu, karibu na mto, lilikuwa la Zuhura na bibi yake. Kati ya dungu na dungu ulitakiwa upige kelele ndipo usikike, lakini kwa siku zisizo na upepo sauti ilitembea juu ya mpunga vizuri kama juu ya maji.

Tekla alianza hadithi siku ya ukungu, ndege wakiwa wamechelewa. Alianza kwa kuchoka tu, nadhani. Ilikuwa ile hadithi ambayo kila mtoto wa huku anaijua, ya msichana aliyekataa wachumba wote wa kijijini akamkubali mgeni mzuri asiye na kovu hata moja mwilini, na alipofika kwa mume akakuta ni chatu. Bibi zetu walikuwa wanaimalizia haraka. Msichana anamezwa, au anaokolewa na mdogo wake aliyekuwa na upele, kisha watoto tunatazamwa machoni tunaulizwa kama tumeona matokeo ya kuringa. Tekla hakuikimbiza. Chatu wake hakuwa mwongo. Siku ya kwanza kabisa, njiani, kabla msichana hajaivuka mipaka ya kwao, alimwambia kwamba usiku yeye ni mtu na mchana ni chatu, kwa sababu ya neno alilotamkiwa na mama yake wa kambo, na kama anataka kurudi, njia ndiyo ile. Msichana akakaa chini kufikiri. Tekla akamwacha pale chini, ndege wakaja, tukapiga makopo mpaka mikono ikauma, na walipoondoka mimi na Zuhura tukauliza kwa sauti moja kama ameinuka au bado amekaa.

Sijui kama nitaweza kueleza utamu ule. Mifupa ya hadithi tulikuwa nayo tangu utotoni, tulichokuwa tunangoja ni nyama. Tulijua atakwenda, tulijua kuna ngozi, na bado tulisubiri kama watu wasiojua. Tekla alijenga nyumba ya chatu chumba kwa chumba. Kulikuwa na kitanda chenye chandarua kisichotoboka, na hapo mimi nilifumba macho. Kulikuwa na mafuta ya taa yasiyoisha. Chatu alikuwa anampikia mkewe usiku, na asubuhi, akishabadilika, anajiviringisha mlangoni ili panya wasiingie. Zuhura alitaka kila kitu kitajwe, rangi ya khanga, idadi ya bangili, na siku moja akauliza kwa sauti iliyosikika shamba zima:

"Sasa Tekla, mchana wanakumbatianaje?"

"Polepole," Tekla akajibu.

Tulicheka mpaka bibi yake Zuhura akaturushia matope kwa kombeo, ingawa hayakutufikia. Pale ndipo hadithi ilipogeuka kuwa ya mapenzi kweli. Msichana wa Tekla hakuupenda usiku, wakati mume ni mzuri na anaongea. Aliupenda mchana. Usiku, alisema, kila mtu ana mume. Mchana ndipo alipokuwa mpweke, na mchana ndipo yule chatu alipokuwa anamsikiliza bila kumkatiza, kichwa chake kizito kimelala juu ya mguu wake wakati anapeta mchele. Nimesikia hadithi nyingi za mapenzi tangu hapo, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa namna ile kwamba kupendwa ni kusikilizwa. Lazima pia niseme ukweli: upepo ulipovuma kutoka mtoni sauti ya Tekla haikunifikia, Zuhura ndiye aliyekuwa ananirudishia, naye alikuwa anatia chumvi. Kwa hiyo sijui kichwa kile juu ya mguu kilitoka kwa nani. Sitaki kumpa Tekla kisicho chake, wala kumnyima Zuhura.

Mama Mkubwa alitukataza mara moja tu. Alisema hadithi ni za usiku, watu wa kale hawakuwa wajinga, anayesimulia mchana aliyemzaa anapotea. Katazo hilo sote tulilijua. Wengine kwao wanasema utaota mkia, wengine utaota pembe, kwetu ni mzazi. Lakini usiku madungu yalikuwa mbali, kuna viboko wanaopanda kutoka mtoni kula mpunga, hakuna mtoto wa kike aliyeruhusiwa kushuka. Tekla akajibu kwa adabu, "Mama Mkubwa, hii sio hadithi, ni kelele za kufukuza ndege." Na kweli ndege walikuwa wanaogopa. Mama Mkubwa akajilaza akanipa kisogo, na baada ya muda akaniuliza chinichini, bila kugeuka, kama yule mama wa kambo alishakufa au bado anaishi.

Mama yake Tekla hakukataza hata kidogo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye pengo la jino, na ndiye aliyetupikia pepeta mpunga ulipoanza kukomaa. Alikuwa anavuna masuke yenye maziwa bado, anakaanga, na sisi tunakwenda kwa zamu kutwanga kwenye kinu chake chini ya dungu. Pepeta ya moto ina harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kingine, kwa hiyo naiacha. Tulikula kwa viganja, na yeye akiwa anapeta alikuwa anamkosoa binti yake: chatu asingekunywa chai, angekunywa togwa. Alikuwa anaongeza vitu. Wazo la mume kutandika kitanda mwenyewe lilikuwa la kwake, na alipolisema alitazama juu kuelekea Ifakara, alikobaki mumewe, akacheka peke yake.

Siku ya mwisho ya hadithi ilikuwa ya jua kali baada ya mvua. Tekla alikuwa amefika mahali ambapo msichana anaambiwa na kizee kwamba akimwita mumewe kwa jina lake la utotoni mara tatu, mchana, ngozi itamvuka isirudi tena. Alikuwa ameshaita mara mbili. Mama yake Tekla alipita chini na ndoo, anakwenda kuchota maji na kuangalia mgono wa samaki aliotega kwenye matete, kama alivyofanya kila siku. Alikuwa amejifunga khanga kichwani maana alikuwa na homa tangu Jumapili. Akasimama akamtazama binti yake juu ya dungu.

"Msimalize," akasema. "Nisije nikakuta ameshavua."

Tekla akamwambia aende upesi basi. Tukasubiri. Ndege wakaja wakaondoka. Zuhura, ambaye dungu lao lilikuwa karibu na mto, akasema hamwoni, labda amepitia kwenye kuni. Tukasubiri tena, kwanza kwa kuisubiri hadithi, na sijui ni saa ngapi kusubiri kule kulipogeuka kuwa kitu kingine. Wanaume wa mashamba ya jirani waliingia na mitumbwi wakapima kwa upondo mpaka giza, na kesho yake, na kesho yake tena. Walikuta ndoo imenasa kwenye matete, na kandambili moja. Wengine walisema mamba. Wengine walisema ni homa, kizunguzungu, aliteleza. Mimi sikuona, kwa hiyo sisemi. Mgono ulikuwa na samaki.

Msiba ulikaliwa Ifakara bila maiti. Katekista alisali, khanga yake ilitandazwa juu ya mkeka mahali pa mtu. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa sebuleni, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye simenti iliyopasuka, na mimi nilikuwa mlangoni na Mama Mkubwa kwa sababu tulikuwa watu wa dungu la jirani. Shangazi yake Tekla ndiye aliyeuliza. Nisimwandike kama mtu mbaya. Yeye ndiye aliyewapikia waombolezaji wote, na marehemu alikuwa wifi yake waliyependana, na mtu aliyepoteza mtu bila kaburi anatafuta pa kushika. Aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Tekla. Ulisimulia mchana?"

"Nilisimulia."

Hakuna aliyelia. Ndipo Mama Mkubwa, ambaye alikuwa amekatazwa na miguu yake kusimama, akasimama kwa kushika mlango. Akasema alikuwepo. Akasema na yeye alisikiliza, na Zuhura alisikiliza, na marehemu mwenyewe alisikiliza, alikuwa anachangia, na kama kuna kosa basi ligawanywe kwa wote waliokula.

"Wewe ligawe," shangazi akamjibu. "Aliyepotea ni mmoja tu, naye ni mama wa huyu."

Jibu la hilo huwa nalitafuta mpaka leo nikiwa napeta mchele. Tekla hakuadhibiwa. Watu wakisikia leo watadhani alipigwa au alifukuzwa, hapana. Walimwonea huruma. Walimnyoa nywele pamoja na wafiwa wengine, wakamwambia mwanangu usirudie, na shangazi mwenyewe akampa sahani ya kwanza. Nadhani ingekuwa afadhali wangempiga.

Mpunga haungoji matanga. Tulirudi ng'ambo, Tekla akiwa na baba yake badala ya mama, mtu mkimya aliyelala sana. Zilikuwa wiki mbaya. Makopo, halafu kimya, halafu makopo. Zuhura alijaribu kuimba. Mama Mkubwa akawa ananisimulia usiku, ndani ya chandarua, hadithi zile zile za bibi kwa mwendo ule wa haraka, na nilimshukuru, lakini ilikuwa kama kula ugali umeshalamba asali. Siku moja, Tekla akiwa amekaa na mgongo wake umenielekea, nilifikiri labda akiisikia kwa mdomo wa mwingine moyo utamlainika, au labda nilikuwa naitaka tu mwenyewe, siwezi kujitenga vizuri na tamaa yangu. Nikaanza kwa sauti. Nikasema msichana alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaita mara ya tatu. Tekla akageuka. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa.

"Mwache abaki chatu, Gaude," akasema.

Akaivuta kamba yake, makopo yakalia, ingawa hapakuwa na ndege. Yalilia mpaka nikanyamaza. Baba yake aliamka akauliza ndege wako wapi, Tekla akamwambia wameshaondoka.

Baada ya mavuno aliolewa na mtu wa Idete, mkulima, mpole, ambaye sikuwahi kusikia kwamba alimpiga. Nilikuwepo arusini. Alimnunulia baiskeli, alimjengea nyumba ya matofali, na alimlilia jana mpaka akashikwa na vijana. Walipohamia Ifakara tukawa tunaishi karibu, na tulipikiana misibani na kwenye ubatizo miaka yote. Tuliongea juu ya kila kitu, mbolea, wakwe, miguu. Mara moja tu nilithubutu. Tulikuwa tumepanga foleni kwenye mashine ya kukoboa, umeme umekatika, tumekaa juu ya magunia yetu. Nikamwambia nina wajukuu sasa na nikiwasimulia naona nakosea, yeye angenisaidia, hata usiku. Akawa anachambua punje kiganjani.

"Nina watoto sita," akasema. "Kinapotoka mdomoni sijui kinakwenda kwa nani."

Nikamwambia lakini mchana tu ndiyo mwiko, usiku hakuna neno. Akasema alijua. Akasema mama yake pia alijua kuogelea. Umeme ukarudi, mashine ikaanza kunguruma, tukainuka.

Leo saa kumi jioni Anjela alikuja kuomba kuni kavu, za msibani zimelowa zote. Aliingia akasema shikamoo mamdogo, nikamwitikia, akakaa kwenye kigoda na miguu juu kwa sababu ya yale maji. Wakati mzee wangu anamtafutia kuni darini alinionyesha simu yake, hadithi anayoifuata, inaletwa vipande vipande. Msichana anaringa, anawakataa wote, anaolewa na tajiri mmoja wa mjini mwenye ghorofa, na kuna chumba haruhusiwi kufungua. Nilivaa miwani nikasoma. Nilidhani nitaidharau, lakini ni nzuri, na kilipoisha kipande nilitaka kingine. Anjela alisema alikuwa anazisoma kwenye choo cha nje, utu uzima wake huu, akiwa amekuja kumsalimia mama yake, kwa kuogopa maneno. Akasema, "Yaani mama alikuwa na moyo mgumu, tuseme ukweli, Mungu amsamehe."

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga, na sijui kama nilikuwa na haki, kwa sababu mtu akifunga mlango wake miaka yote ile, jirani sio wa kuufungua kesho yake baada ya maziko. Nilimwambia juu ya madungu na Zuhura na pepeta. Nilimsimulia ile nyumba ya chatu kadiri ninavyoikumbuka, na nikamwambia jinsi bibi yake alivyopotea mtoni na hadithi za mama yake zikapotelea hapo hapo. Kumbe hata hilo la bibi hakulijua. Wao waliambiwa bibi yao alikufa kwa homa. Anjela alinisikiliza mpaka mwisho, simu ikazimika mkononi mwake. Nilitegemea alie.

"Angesema," akasema. "Mamdogo, angesema tu. Mimi nimemkasirikia mpaka juzi."

Nilitaka kumwambia kwamba mama yake aliwapenda kwa kunyamaza, lakini niliona hilo ni neno zuri mno, na yeye ndiye aliyekuwa mtoto asiyesimuliwa, sio mimi. Mzee akaleta kuni, akaziweka mlangoni, akatutazama, akatoka tena. Anjela hakuzichukua. Akaniuliza mama yake alikuwa anasimulia amesimama au amekaa. Nikamwambia alikuwa amekaa, lakini akifika pazuri alikuwa anasimama, ameshika nguzo. Akauliza sauti yake ilikuwaje. Nikamjibu kwamba ilikuwa kubwa. Akarudia lile neno, kubwa, kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu asiyemfahamu, na akakaa hapo mpaka jikoni kukaingia giza na ikanibidi niwashe moto nikimzunguka.

Tumekula ugali, majani ya kunde na kitoga mkavu, samaki wa mto ule ule, wa kuchemsha na nyanya. Anjela alikula nasi. Alikula ugali na majani, samaki akamsogeza pembeni ya sahani, hakumgusa.